Nimesimamishwa kuimba kwa sababu ya katuni za Kijapani

Shikamoo Shangazi,

Bwana Yesu asifiwe. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine tangu nikiwa sekondari, na mara nyingi nilikuwa nacheka matatizo ya watu. Sasa zamu imenifikia.

Nina miaka 20, niko mwaka wa pili chuoni, nasomea takwimu. Niliokoka nikiwa sekondari na sijawahi kujutia. Nilipofika chuo nilijiunga na ushirika wa wanafunzi Wakristo hata kabla sijajua maktaba iko wapi. Naimba sauti ya pili katika timu ya sifa, na tangu mwaka huu wa masomo uanze mimi ndiye ninayechagua nyimbo za ibada ya Jumapili. Napenda kuimba, napenda kuchora, napenda kusoma Biblia (hasa vitabu vya Samweli, vile vina mambo!). Na napenda anime, zile katuni za Kijapani. Siyo kupenda kwa kubahatisha, Shangazi. Najua wachoraji kwa majina. Naimba nyimbo za mwanzo kwa Kijapani bila kuelewa hata neno. Nina folda imejaa hadithi ambazo nimezikusanya kwa flashi kutoka kwa watu mbalimbali bwenini. Nyingine ni za michezo, watoto wa shule wanacheza voliboli mpaka unalia. Nyingine ni za vita na mapanga, zina mashetani wenye pembe. Ipo moja ina sehemu zisizofaa, wasichana wanaonyeshwa vibaya, ila hizo huwa naruka.

Kwenye ushirika hakuna aliyejua. Nilishasikia wenzangu wanavyozisema tamthilia na muziki wa kidunia, nikaona heri ninyamaze. Wakiniuliza nikiwa sina kipindi huwa nafanya nini, nasema nasikiliza mahubiri. Nayasikiliza pia, kwa hiyo sijadanganya kabisa.

Mwezi uliopita laptopu ya ushirika iligoma kuwaka ibada ikiwa inakaribia kuanza. Nikatoa yangu ili tuonyeshe maneno ya nyimbo ukutani. Nilipoifunua, kikatokea kile nilichokuwa nakitazama usiku wa kuamkia siku hiyo, kimeganda palepale usingizi uliponikuta: jitu lenye pembe, macho mekundu, panga mkononi, limejaa ukuta mzima, juu ya msalaba wetu wa mbao. Dada mmoja alipiga ukelele. Wengine walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Jioni aliandika kwenye kundi la WhatsApp la viongozi kwamba mmoja wetu katika huduma ya sifa amefungulia roho chafu mlango. Hakutaja jina, lakini hakuna aliyeuliza ni nani. Kesho yake akaniita, yeye na dada anayeongoza maombi. Wamenipa masharti: niache kuimba, nifute kila kitu, nichome daftari langu, halafu Jumapili moja nisimame mbele ya ushirika wote nitubu.

Daftari lenyewe ni hivi. Tangu mwaka wa kwanza naandika na kuchora hadithi yangu mwenyewe, inahusu kisiwa ambacho watawala wamekataza watu kusali, na binti mmoja anayezibeba kichwani sala za bibi yake kwa sababu zikiandikwa zitaonekana. Limefika kurasa mia na kitu. Mwenyekiti hajasoma hata ukurasa mmoja, ameona michoro tu.

Folda niliifuta usiku uleule huku nalia. Haikupita wiki nikazirudisha hadithi nyingi, kwa flashi ileile. Daftari nimempa mwenzangu wa chumbani anitunzie, sijui kama niende kulichukua nilichome. Yeye si Mkristo, na ndiye ninayetazama naye. Juzi tulimaliza hadithi ambayo kijana anamsamehe mtu aliyemuua kaka yake, akanigeukia akauliza kama sisi tunaamini kweli kwamba binadamu anaweza kusamehe kiasi kile. Nikamwambia nina usingizi.

Rafiki yangu mwingine, naye ameokoka, anasema nisihangaike, niko chini ya neema, vitu vyote ni halali, nitazame ninachotaka. Mama sikumweleza yote, yeye aliuliza tu kwani katuni si za watoto. Nimechoka. Nalala saa tisa usiku, asubuhi kengele siisikii, maombi ya alfajiri sijahudhuria siku nyingi na kuna jaribio moja la darasani limenipita. Nikifungua Biblia najiona mnafiki. Niambie waziwazi Shangazi, ni dhambi? Daftari nilichome? Jumapili nisimame mbele?

Mwenye Nyuso Mbili

*

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe.

Jina ulilojipa sitalitumia. Watu wenye nyuso mbili huwa wanalala vizuri tu, na wewe hulali.

Swali la kwanza nalijibu bila kuzunguka. Hapana, anime si dhambi kwa kuwa ni anime. Jina hilo linataja aina ya picha na nchi zilikotoka, halisemi lolote kuhusu kilichomo. Ziko za watoto wadogo, za wapishi, za wanamichezo kama hizo zako za voliboli, na ziko ambazo mtu mwenye heshima zake angezima, awe Mkristo au asiwe. Anayesema zote ni za shetani hajazitazama, na anayesema zote ni safi hajazitazama za kutosha. Kuhusu hizo pembe, kumbuka kwamba Wakristo nchini Japani ni kama asilimia 1 tu ya watu. Wasanii wa kule wamekulia katikati ya mahekalu ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na ya Kibudha. Wakitaka kuchora uovu, wanachukua majitu ya hadithi walizosimuliwa na bibi zao. Mara nyingi jitu hilo limewekwa pale ili lishindwe. Ngano za Ulaya nazo zimejaa wachawi na majitu yanayokula watoto, na nyumba nyingi za Kikristo huwasomea wanao kabla ya kulala bila kuitisha kikao.

Mtazame Paulo kule Athene, Matendo 17. Luka anasema roho yake ilichukizwa alipouona mji ule umejaa sanamu, kwa hiyo usidhani alikuwa mtu wa kuchukulia mambo hivihivi. Lakini aliposimama Areopago, mbele ya baraza la mji, akawanukulia mshairi wao, "sisi sote tu wazao wake," na maneno hayo yamo katika shairi la Aratus, aliyekuwa akimsifu Zeu. Mtume anauchukua mstari wa sifa za mungu wa Kiyunani na kuuelekeza kwa Muumba wa mbingu na nchi. Mtu hanukuu shairi asilowahi kulisikia. Na Danieli, ambaye nadhani mnahubiriwa habari zake kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mahubiri yake huishia kwenye mboga. Sura hiyohiyo ya kwanza inasema yeye na wenzake waliwekwa miaka mitatu wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo, na kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa maarifa katika elimu hiyo. Elimu ya Babeli ilikuwa imejaa miungu ya Babeli. Vijana wale waliisoma na wakaongoza darasa. Lakini palikuwa na sahani ambayo Danieli aliazimu moyoni mwake kwamba hataigusa, na aliazimu mapema, kabla ya sahani kuzoeleka.

Wewe hujaazimu chochote, na hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yako wa neema (ambaye, kwa taarifa yake, amenukuu nusu ya mstari, Paulo aliendelea, "bali si vitu vyote vifaavyo"). Huna mpaka. Una siku za kufuta kwa machozi na siku za kurudisha kwa flashi.

Tuanze na ile hadithi yenye sehemu zisizofaa. Hiyo iache. Usiniambie unaruka, maana ili uruke lazima ujue pa kurukia, na ili upajue lazima uwe umeona. Mtakatifu Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, katika kitabu chake Maungamo anasimulia habari za rafiki yake Alypius, mwanafunzi kama wewe, aliyekwenda Roma kusomea sheria. Alypius aliyachukia mapambano ya wapiganaji wa uwanjani, yale ya watu kuuana ili umati ufurahi. Siku moja wanafunzi wenzake wakamkokota mpaka uwanjani kwa utani. Akawaambia mwili wake wataukalisha pale, lakini macho na moyo wake hawatavipata, akafumba macho. Mara mpiganaji mmoja akaanguka, umati ukapiga yowe, na Alypius akafumbua, kwa udadisi tu, akiamini kwamba lolote atakaloliona atalidharau. Augustino anasema aliunywa ukatili ule bila kujua anachokunywa, akaondoka na hamu ya kurudi, na baadaye akawa anawakokota wengine. Kilichomwangusha ni kuziamini mno kope zake. Aliponea baadaye, akawa askofu, lakini haikuwa siku ile wala mwezi ule.

Sasa usiku. Umeutaja mwishoni, kwa mkato, baada ya mambo ya mama, na mimi naona hiyo ndiyo barua yenyewe. Wewe ni mtu wa takwimu, zidisha mwenyewe: kipindi kimoja cha anime ni kama dakika 24, na msimu mara nyingi una vipindi 12 au 13. Vipindi 12 ni dakika 288, yaani saa tano kasoro dakika 12. Ukianza saa nne usiku baada ya kujisomea, unamaliza msimu saa tisa kasoro dakika 12, ile saa yako uliyonitajia. Wala si bahati mbaya. Kila kipindi hukatwa pale moyo unapodunda zaidi, na programu za kutazamia huanzisha kinachofuata zenyewe kabla hujapata muda wa kujiuliza. Paulo aliandika, "Vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Mwenyekiti wako anaogopa jitu lenye pembe ukutani. Mimi naogopa zaidi hicho kinachokufanya usiisikie kengele. Hata kingekuwa mashindano ya kukariri Zaburi mpaka saa tisa usiku kila siku, ningekwambia hivihivi.

Cha kufanya ni kidogo tu, hakihitaji mkesha. Amua idadi kabla ya kufungua laptopu, siyo baada. Viwili vinatosha, na usiku ambao kesho yake una kipindi cha asubuhi usifungue kabisa. Zima ile ya kujianzisha. Na ukitaka kuacha, acha katikati ya kipindi, pale watu wanapokula au wanapotembea barabarani wakizungumza. Mwisho wa kipindi umetengenezwa makusudi ili usiweze kuachia hapo. Laptopu isilale kitandani. Ukijaribu kwa dhati ukaona huwezi, basi ziache zote mpaka mitihani ipite, na usimtangazie mtu kwamba umefunga. Baada ya mitihani utajua kama ulikuwa unazipenda au zilikuwa zinakumiliki.

Lipo jambo lingine ambalo mwenyekiti hakuliuliza, na nimeshangaa. Folda nzima ya kazi za watu, zimehamishwa kwa flashi kutoka kitanda hadi kitanda. Kuna aliyelipia hata moja? Wachoraji unaowajua kwa majina wanakula kwa kazi hiyo. Tumeshindana kuhusu mapepo yasiyotajwa katika amri kumi, tukaruka "usiibe" ambayo imo. Ziko njia halali za kuzitazama, nyingine za bure zenye matangazo. Zitafute, na zile za flashi zikifutika mara hii zisirudi. Nadhani utagundua pia kwamba ukipoteza folda yenye kila kitu, usiku wenyewe utapungua.

Daftari usilichome. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu umeliandika jambo bila kujua umeandika nini. Kisiwa ambacho watawala wamekataza sala, binti anayebeba sala za bibi yake kichwani: hayo yalitokea kweli, na yalitokea Japani. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki, baadhi yao wakiwa watoto. Mwaka 1614 watawala wakaupiga Ukristo marufuku nchi nzima. Watu waliotiliwa shaka waliamriwa kukanyaga picha ya Yesu au ya Mariamu mbele ya maofisa, na aliyesita alijulikana. Mapadre waliuawa au walifukuzwa, wakaisha. Waliobaki waliendelea kimyakimya vijijini na visiwani, wakibatiza watoto wao wenyewe, wakirithishana sala kwa mdomo kutoka kwa wazee hadi wajukuu, hata maneno mengine yakapoteza maana na yakaendelea kusemwa tu. Wengine walikuwa na sanamu ya Kannon, mhusika wa huruma wa Kibudha, akiwa na mtoto mikononi. Mgeni aliona Kannon, wao walimwona Mariamu. Hali ikawa hivyo zaidi ya miaka 200. Kisha mwaka 1865, kanisa lilipojengwa Nagasaki kwa ajili ya wageni wa Kizungu, watu kutoka kijiji cha Urakami wakaingia, wakamsogelea padre Mfaransa, wakamwambia kwamba moyo wao na wake ni mmoja. Hata baada ya hapo waliteswa na kuhamishwa makwao, mpaka mabango ya marufuku yalipoondolewa mwaka 1873.

Sasa wewe, ukiwa na penseli, bila kusoma hayo, umefika mlangoni pao. Na kuna mtu anataka ukichome alichokiona kwa nje tu! Nenda maktaba utafute historia yao, halafu rudi kwenye kurasa zako mia na kitu uone nini cha kubadilisha. Chukua daftari kwa mwenzako, usiende kulificha tena. Hao wa Nagasaki walificha imani yao kwa sababu wangeuawa. Wewe unawaficha michoro watu mnaokula nao chakula kimoja. Mpe mwenyekiti alisome. Ndiyo, yeye.

Maana huyo kijana simchukii. Katika ushirika kuna wenzenu waliotoka mahali ambako pepo halikuwa hadithi ya jioni. Yule dada aliyepiga ukelele hujui aliona nini utotoni. Warumi 14 inasema anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, na hapo mwenyekiti ana sehemu yake na wewe una yako. Yako ni hii: mwendee yule dada, peke yenu, mwombe radhi kwa kumshtua ndani ya ibada. Usimpe mhadhara kuhusu utamaduni wa Kijapani. Laptopu yako, kabla ya kuiunganisha na projekta, iwashe kwanza pembeni.

Sehemu ya mwenyekiti ni Mathayo 18:15. Bwana alisema ndugu yako akikukosa umwendee, wewe na yeye peke yenu. Yeye alianza na kundi la WhatsApp, peke yenu ikaja kesho yake, na hata hapo mlikuwa watatu. Mwambie hilo kwa upole, uso kwa uso, usimwandikie. Maneno yanaweza kuwa haya: "Kaka, nimekusikia kuhusu ile picha na nimeshaongea na dada. Nina mambo mawili ninayotubu. Mkiniuliza nafanya nini nikiwa sina kipindi, huwa sisemi ukweli. Na nimeacha usiku uniibie maombi na masomo. Kuhusu katuni zenyewe, dhamiri yangu hainishtaki kwa zote; ipo iliyonishtaki na nimeiacha. Jumapili sitasimama kutubu dhambi ambayo siamini kwamba nimeitenda, kwa sababu huko kutakuwa kudanganya mbele ya Mungu." Mtu anayetubia asichokiona kuwa kosa ili tu arudishiwe kipaza sauti anajifunza unafiki wa kweli, siyo huo mdogo unaojishtaki nao. Ule wako ulikaa kwenye sentensi moja, ya kusikiliza mahubiri. Umesema hukudanganya kabisa. Mwanangu, ulidanganya kidogo, na ndicho kinachokukaba ukifungua Biblia.

Kama hakubali, ombeni mlezi wa ushirika au mchungaji akae nanyi. Wakikutaka ukae pembeni mpaka jambo liishe, kaa, na uimbe sauti yako ya pili ukiwa kwenye viti vya waumini. Ushirika hauongozwi kwa kushindana, na timu ya sifa si mshahara ambao mtu anakatwa. Ila kwenye kuchoma daftari, kataa hata mbele ya mchungaji, kwa heshima zote.

Limebaki la mwenzako wa chumbani, nami ningekuwa mchungaji wako ningeanzia hapo. Augustino huyohuyo alikuwa na umri wa miaka kama 17 alipokwenda kusoma Karthago, mji mkubwa wa Afrika Kaskazini wakati ule, na akalewa michezo ya kuigiza. Alikuwa akilia kwa mikasa ya jukwaani na kufurahia kulia kwake. Alipokua akajiuliza ni huruma gani hiyo, ambayo mtazamaji haitwi kwenda kusaidia, anaalikwa kuhuzunika tu. Mimi silichukulii swali lake kama hukumu ya kila hadithi, maana hadithi iliyokuliza wewe ilimfanya mwenzako aulize swali ambalo mahubiri mengi hayajawahi kulitoa mdomoni mwake. Mtu asiyeamini, chumbani kwako, usiku, amekuuliza kama msamaha wa kiasi kile upo. Nawe, ambaye dakika chache kabla ulikuwa unamlilia kijana wa kuchorwa, ukasema una usingizi. Na kwa tabia yako ya saa tisa, hata usingizi wenyewe siuamini.

Mjibu wiki hii. Huhitaji kumhubiria. Mwambie swali lake lilikushtua, ukakwepa. Kisha, kwa kuwa vitabu vya Samweli unavipenda, msimulie sura ya 24 ya kitabu cha kwanza: Sauli anamsaka Daudi na watu elfu tatu, anaingia pangoni kujisaidia, na Daudi amejificha humohumo kwa ndani na watu wake, ambao wanamnong'oneza kwamba leo ndiyo leo. Anakata pindo la vazi tu, na hata kwa hilo moyo unamchoma. Wewe ni mchoraji; chora ukurasa mmoja wa pango lile, umwonyeshe. Akikuuliza kama wewe mwenyewe unaweza kusamehe hivyo, sema ukweli, hata kama ukweli ni kwamba bado unamkasirikia mwenyekiti.

Na lile jaribio lililokupita, kamwone mwalimu kabla alama hazijapelekwa. Nenda asubuhi, na usimwambie ulikuwa unaumwa.

Shangazi